Maji ya Ghaliya Mlangoni

Kitendawili! Namwaga kizingitini, navuna kizingitini.

Ungekuwepo, Ghaliya, ungeshadakia: "Yalla, mama, tega tena, taratibu!" Ukishindwa ungetoa mji, na mji wako siku zote ni Basra, ulikozaliwa. Mama mkwe wako, Bi. Zuwena, akicheka: "Basra nishapewa mara ngapi! Leo nipe hata Hatta, hapa jirani."

Mwaka sasa umetimia tangu ututoke, na nyumba hii ya mtaa wa Naif, huku ugenini kwenye nchi za Waarabu, bado haijazoea.

Jibu ni maji yako. Kwenu Iraki, anayeondoka humwagiwa maji nyuma yake ili arudi salama. Ulimmwagia mumeo Abdullatif kila asubuhi akienda ghalani Jebel Ali, mpaka majirani wakalalamika ngazi zinateleza. Na kweli, kila jioni alirudi.

Wewe na wanawake wenzako wa Kiiraki mlikuwa mikono ya mtaa. Familia ikifika mpya kutoka kwenu, nyinyi ndio mliotafuta magodoro, mliowapeleka watoto shule, mliokaa na wagonjwa hospitali. Wala hamkubagua. Linus, mlinzi wetu Mkenya, alipovunjika mguu, sufuria ya supu ya dengu ilimfuata kitandani mpaka akasimama. Akikuita madam, unamkaripia: "Madam yuko wapi hapa? Kunywa!"

Sisi wa Unguja tulidhani tumekupokea ugenini. Kumbe wewe ndiye uliyetupokea.

Siku ile tulipokuteremsha kukupeleka hospitali, uligeuka pale ngazini ukauliza: "Na mimi, nani atanimwagia maji?" Tulikuwa tunahangaikia gari. Hakuna aliyekujibu, na hukurudi tena. Swali hilo Bi. Zuwena amelala nalo na kuamka nalo. Uliyewamwagia wote, uliondoka mkavu?

Juzi tulikusomea hitima. Tulikuwepo wote tunaokukumbuka, na hatutaacha kukukumbuka maadamu tunapumua: mumeo Abdullatif, binti yako Masuda, mama mkwe wako, wenzako wa Basra na vigilasi vyao vya chai ya iliki, na Linus aliyekaa karibu na mlango.

Bi. Zuwena akasema, machozi yakimtoka: "Swali la Ghaliya limetushinda. Tumpe mji."

Masuda akaweka kigilasi chini. Mwaka mzima alikuwa hataki kusikia habari za siku ile.

"Usimpe, bibi. Nilimmwagia mimi. Nikajaza tena, nikamwaga tena, gari likiondoka. Hakurudi tu."