Ngazi Nyuma ya Ukuta

Jumamosi, mtaa wa Alief, Houston. Mvua imekatika lakini joto bado linanata mwilini. Nimefua nguo, nimekunja, nimefua tena zilizokuwa safi. Situlii.

Mimi na Njoroge, Mkenya ninayefanya naye kazi katika ofisi ya wasanifu majengo, tunapima nyumba ya kale ya matofali katikati ya Houston. Ilijengwa enzi za utumwa. Mwenye nyumba, ndiye mteja wetu, anabakiza uso wa mbele tu, nyuma kote kunavunjwa, na sisi tunachora kila ukuta na kila dirisha ili ibaki kumbukumbu.

Jana hesabu ikakataa. Vyumba vya ndani pamoja na kuta zake havikufikia urefu wa nje. Tukapima upya, yeye kashika tepu upande ule, mimi huku. Pengo likabaki palepale, nyuma ya kabati la jikoni.

"Wachana nayo, dada," Njoroge akasema. "Tuta-shade tu iwe ukuta mnene. Client anataka drawings Monday."

"Ukuta gani wa unene huu, kaka?"

Nikawasha tochi ya simu, nikachungulia kwenye ufa. Ngazi! Nyembamba, imesimama wima, mbao zimelika katikati kwa nyayo. Ngazi ya mbele ina kishikio kilichochongwa maua. Hii haina hata pa kujishikiza. Humo walipita watumwa na maji na makaa, wageni wasiwaone.

Nililia. Nikaona haya mbele ya Njoroge.

Baadaye akanisihi nisiichore. Ikionekana kwenye michoro, wahifadhi wa majengo ya kale watasimamisha kazi, mteja atawaka, na bosi atatafuta wa kumlaumu. Kibali changu cha kuishi hapa kimefungwa kwenye ajira hii. Njoroge hanitakii mabaya. Ananionea huruma, na hilo ndilo linaloniudhi.

Tangu asubuhi nafungua kompyuta, nafunga. Ukuta mnene ni mistari miwili na kivuli katikati, unamaliza chai haijapoa. Kisha mashine itakuja, na hakuna atakayejua kilichovunjwa.

Watu wale walifichwa vya kutosha. Mimi siwafichi.

Nimeichora. Kila kipandio, na pale kilipolika nimekichora kilivyolika. Nimemtumia bosi, na nakala kwa mwenye nyumba.

Naogopa, sitadanganya.

Simu inaita. Ni bosi. Haya, napokea.