Shika Kikombe, Guyo

Dada Nekesa,

Leo mgongo unaniuma na mikono imechanika kwa mawe, lakini moyo unacheka, na mtu wa kwanza ninayetaka kumwambia ni wewe. Wewe umelala Bungoma, kando ya shamba lako la maharagwe. Mimi bado niko Isiolo, kwenye mjengo huku Kiwanjani. Jua la hapa halina huruma.

Mama hajambo. Ile sare yako ya unesi bado anaifua na kuipiga pasi. Hatujamkataza.

Sasa sikia. Wiki iliyopita, adhuhuri, Guyo, mwenzangu wa kubeba mawe, aliacha kutoka jasho. Akaanza kumwita mama yake aliye mbali Kinna, kisha akaanguka. Mama Halima, anayetuuzia chai, akaja mbio na maziwa ya ngamia. Kwao mtu akianguka hupewa maziwa kwanza, maswali baadaye. "Mfungueni mdomo! Maziwa hayajawahi kuua mtu!"

Hapo nikakukumbuka, Dada. Siku nyanya alipolegezwa na malaria, sote tulikimbilia uji, wewe ukamwekea kikombe kitupu mkononi. Kikaanguka. Nikakuita mkatili. Ukasema, "Wekesa, mkono ukilala, na koo limelala. Huo uji utaenda kwenye mapafu."

Nikamzuia Mama Halima. "Mama, ngoja. Kwanza ashike kikombe mwenyewe." Nikamwekea Guyo kikombe. Vidole havikujua hata kama kipo.

Nyapara akanicheka. "Wewe mbeba mawe, udaktari umesomea wapi?"

"Jikoni, kwa dadangu."

Tukamvuta kivulini, tukamvua shati, nikamlaza kwa ubavu. Tukammwagia maji mwili mzima, huyo nyapara mwenyewe akimpepea kwa mfuko wa simiti. Lori la mchanga likatupeleka hospitali. Njia nzima nilitazama kifua chake kikipanda na kushuka, vile ulivyokuwa ukimtazama nyanya.

Dada, Guyo yuko hai! Leo asubuhi amekuja kutusalimia, amekonda kama ufito. Akanyoosha mkono apewe maziwa, Mama Halima akamkunjia uso. "Hupati kitu! Shika kikombe kwanza, nione."

Guyo akakishika kikiwa kitupu, akakiinua juu ya kichwa kama mtu aliyeshinda mbio. Mjengo mzima ukapiga makofi. Akamiminiwa hadi povu likamwagika, akanywa yote, akaomba tena. Mimi nilicheka na wenzangu, halafu nikageukia ukuta kidogo.

Hata nyapara siku hizi akipewa chai huulizwa kama mkono wake umeamka.

Pumzika, Dada. Nikirudi nyumbani nitakuja pale kaburini ulipolala nikiwa na kikombe, nikae nawe kidogo. Na ninakuahidi: mgonjwa hatamiminiwa kitu mbele yangu kabla mkono wake haujaamka.

Ndugu yako,
Wekesa