Tantine, Kelele za Wabrazili Zimetufungulia Maji

Tantine wangu, dada ya papa,

Maji yamefika mashamba ya chini. Ninaanza na hilo kwa sababu ungekuwa hapa ungenikatiza salamu ili uniulize. Yamefika, na msimu huu tumevuna mpunga hapa bondeni Bugarama mpaka kwenye mashamba ya mwisho ya mfereji, pale ambapo wewe na Mama Zuhura mlizoea kulima udongo uliopasuka.

Leo nimeisikiliza tena ile albamu. Watu huniuliza imekuwaje, mwanamke wa kwaya kama mimi, nikapenda wanaume wa Brazil wanaopiga gitaa kana kwamba wanabomoa nyumba. Nawaambia nililelewa na wewe.

Unakumbuka siku ilipotufikia? Ulikuwa unapika kwa masera, wale watawa wa kike wa parokia, nami nilikuja kukusaidia. Yule masera Mbrazili alikuwa anafunga mizigo arudi kwao, akakuachia redio yake pamoja na CD iliyokuwa ndani. Ndugu yake mdogo ndiye aliyepiga ngoma humo. Yeye mwenyewe, alisema, hakuwahi kufika mwisho wake bila kuumwa kichwa. Ukabonyeza, na mimi niliyekuwa namenya ndizi nikaruka. Ulidhani mashine imeharibika. Ukaizima, ukaiwasha, kelele zikarudi vilevile. Ndipo ukamuuliza masera, kwa sauti ile uliyotumia kuulizia habari za mgonjwa: "Huyu muntu anakasirikia nani?"

Masera akaketi, akatufafanulia kwa Kifaransa. Wimbo huu, alisema, ni wa watu waliofukuzwa kwenye ardhi yao. Huu ni wa polisi wanaopiga vijana wa mitaa ya maskini. Huu ni wa mtoto anayelala na njaa nyuma ya ghala lililojaa. Nyimbo zenyewe zilikuwa fupi, nyingine hazifiki urefu wa Salamu Maria. Ulisikiliza zote, mwiko mkononi, wali ukaungua. Kisha ukasema, "Huyu haimbe. Anashitaki."

Msimu wa kupura ulipofika uliibeba ile redio hadi shambani. Wanawake walikucheka. Mama Zuhura alijifunga mtandio vizuri masikioni, akasema hata kule Kongo, Uvira ulikokulia, hapana kelele za namna hii. Lakini mikono ina akili yake. Tulikuwa tunapiga miganda kwenye gogo juu ya turubai, na polepole kila mmoja akajikuta anapiga pamoja na ngoma za yule kijana wa mbali. Jua la Bugarama lilikuwa kali, nasi tulicheka hadi tukakosa pumzi. Tulimaliza mapema. Mpunga wenyewe ulikuwa kidogo.

Ulikuwa kidogo kwa sababu ya vana, ule mlango wa chuma unaogawa maji ya mfereji. Prezida wa kamati ya maji alikuwa na mashamba ya juu. Yake yakijaa, vana inafungwa, na sisi wa chini tunaambiwa tusubiri. Tulishalalamika mara nyingi, tukajibiwa kwa adabu, tukarudi nyumbani na adabu hiyo. Jioni ile, ukiwa bado na makapi kichwani, uliniomba nirudie wimbo wa ghala. Ukaanza kuweka maneno yetu juu yake. Nilikuuliza unafanya nini. Ukanijibu kwamba tumeomba kwa sauti ndogo miaka yote, sasa tuazime sauti ya hawa batoto ba Brazil.

Mkutano ule nitausimulia hadi nizeeke. Afisa wa kilimo alikuwa amekuja kutoka wilayani. Prezida alizungumza kirefu, kisha akauliza kama kuna swali huku tayari anakusanya vitu vyake. Ulisimama. Nyuma yako tulisimama na madumu matupu, yale tuliyokuwa tunatekea maji ya kunyweshea miche kwa mkono, tukaanza kuyapiga kwa kasi ileile tuliyopuria. Ukapaza sauti, "Maji ni ya nani?" Tukajibu, "Ni yetu sisi wote!" Tantine, nilikujua mwanamke wa kunong'ona rozari. Sikujua kifuani mwako mlikuwa na sauti ile. Wanaume wa mashamba ya chini wakaingia kwenye wimbo, kisha vijana waliokuwa wamesimama nje. Wimbo ukaisha kabla watu hawajajua kama wakasirike au wacheze.

Prezida alisema hiyo ni fujo. Ulimjibu bila haraka, "Prezida, hii kelele imeisha. Njaa yetu ndiyo haiishe."

Afisa aliinuka, akaomba aonyeshwe mfereji, na ukumbi mzima ukamfuata kwa miguu. Juu alikuta maji yamesimama hadi magotini. Chini alikanyaga mpasuko, kiatu kikazama humo. Siku hiyohiyo akaagiza zamu za maji zipangwe upya na kamati ichaguliwe upya.

Nilimtumia masera sauti ya wimbo wetu kwa simu, naye akampelekea ndugu yake. Ulikuwa umeshalazwa hospitalini jibu lilipokuja. Yule mpiga ngoma alisema haelewi neno hata moja la Kiswahili, ila hasira hiyo anaijua, na amefurahi kuikuta iko hai kwa watu asiowajua. Ulicheka hadi nesi akaja. Ukaniambia nimwambie ngoma zake zinafaa sana kupuria mpunga. Nilimwambia. Wiki iliyofuata tulikuzika, na kwaya yako ikaimba polepole, kama inavyotakiwa.

Uchaguzi ulifanyika bila wewe. Mama Zuhura ndiye msimamizi wa zamu, na mimi wamenipa ufunguo wa vana. Juzi asubuhi, tukiandaa mashamba kwa msimu mpya, yule prezida wa zamani alikuja na jembe lake begani, akasimama kwenye foleni kama wengine. Alinisalimia, nikaitikia. Moyoni nilitaka asubiri. Nilitaka asimame juani ajue udongo mkavu unanukiaje. Nikajifanya nahangaika na kufuli. Mama Zuhura akanisogelea, akaniambia taratibu, "Leo ni zamu yake. Mufungulie."

Nikafungua. Maji yakaenda kwake. Zamu yake ilipokwisha nikafunga, akainua jembe lake, akaondoka, na aliyefuata akasogea mbele. Nilibaki nimeshika chuma kile kilicholowa, Tantine, machozi yananitoka kwa furaha, kwa maana ndipo nilipoona kwamba tumeshinda kweli.

Lala vizuri, mwenye sauti.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako