Maiti ya Mtawa Ng'ambo

Jumanne, 3 Machi
Zamu ya darubini, siku ya tisa. Sisi Wathai juu mlimani, kijiji cha Wakambodia chini bondeni. Leo soko la mpakani tupu — hakuna mama hata mmoja aliyevuka na samaki wake. Nimeandika: "Soko tupu." Kapteni Thirawat akasoma. Wanaondoa raia, akasema, wanataka kutupiga. Lo! Wamefiwa na mtawa mkuu wa hekalu, wako kwenye matanga. Sikusema. Ningeulizwa nimejuaje. Sokunthea, mke wangu, yuko hukohuko kwao tangu Jumapili, kapita njia ya panya. Na aliyeoa ng'ambo hapangwi mpakani.

Jumatano, 4 Machi
Makao makuu wamefunga shule yetu, watoto wakapakiwa kwenye malori. Tahadhari tu, eti. Kwani wa ng'ambo hawana darubini? Adhuhuri nao wakaleta mizinga miwili.
"Si niliwaambia?" Kapteni huyo, mwenye furaha.
Jioni ikaja yetu minne.

Alhamisi, 5 Machi
Malori ng'ambo, yamefunikwa maturubai. Koplo Prasit anaapa ni mizinga. Kuni za kumchomea mtawa! Nimeshindwa kunyamaza. Nikamwendea Kapteni, nikamwaga yote: mke, mtawa, kuni. Akanitazama kwa huruma.
"Kumbe tuna mashemeji kule! Sasa macho yako nitayaaminije?"
Darubini kapewa Prasit. Mimi jikoni, namenya vitunguu. Aibu kwanza, halafu hasira. Sasa naogopa tu.

Ijumaa, 6 Machi
Simu ya Sokunthea haipatikani. Mtandao umekatwa, haijulikani na nani.
Prasit kaja kuchukua chai. Anasema watu kama mia tatu wako hekaluni, wanawake wengi — wamefanywa ngao. Amri imetoka: mlio wa kwanza tu, mizinga ijibu.
Nikamshika mkono. "Sikiliza, mdogo wangu. Kwenu Bangkok hamna haya. Huku mtawa mkuu akichomwa, anasindikizwa kwa fataki. Kubwa, za baruti. Saa kumi watazirusha. Mwambie Kapteni!"
Akafikiri kidogo, maskini. Akaniuliza, "Nikimwambia, nitasema nimeambiwa na nani?"
Akaondoka na chai yake.
Saa kumi kasoro dakika saba. Nimepanda kwa Kapteni, mlinzi kanizuia mlangoni. Kasema yuko kwenye simu, nisubiri. Nimekaa kwenye ngazi, naandika. Ngoma za hekaluni zilikuwa zinasikika hadi huku — zimenyamaza.