Nusu ya Maneno Niliyokuambia Mezani

Baba,

Nimekaa kwenye kitanda chako hapa Talatala na nina hasira. Nilitaka kuanza barua hii kwa upole, nimeshindwa. Ni mwezi sasa tangu tukuzike, na watu bado wanapita kunipa pole, wote na neno lao moja: kazi ya Mungu. Naitikia ndaga, asante ya kwetu, nawasogezea kiti. Lakini si kazi ya Mungu, Baba. Ni pumu, na dawa ulikuwa nayo.

Niliikuta juzi nilipokuwa natoa nguo zako kabatini. Ile pampu ya kuvuta ilikuwa kwenye mfuko wa koti lako la kanisani, imefungwa kwenye nailoni na kukazwa kwa kamba, nadhifu kama ulivyofunga kila kitu. Namba za nyuma zinazohesabu mivuto iliyobaki zilikuwa zimeshuka kidogo tu. Siku ile vumbi la mpunga lilipokubana kifua shambani, dawa ilikuwa hapa nyumbani inaning'inia.

Kwanza niliwakasirikia wengine. Mhudumu aliyekukabidhi pampu bila kukuonyesha inavyovutwa. Majirani wanaosema ukishaanza pampu umefika mwisho. Kisha nikamfuata Shangazi Subilaga, dada yako uliyekuwa ukiishi naye, nimefura kweli, nikamuuliza kwa nini alikuacha uifiche. Akanishangaa. "Si wewe ndiye uliyesema, mwanangu? Kaka aliniambia, Tusekile kasema vinachoka."

Nilisema. Tulikuwa tunakula wali na samaki mbasa, mimi nikiwa likizo, ukaniuliza hasa huko maabara nafanya nini. Nikakueleza kwamba kwenye njia za hewa kuna seli, na juu ya seli kuna vipokezi, vijisehemu ambapo dawa ya pumu hujishika ili misuli ilegee na pumzi ipite. Kwamba sisi tunaipa dawa rangi, tunaimulika kwa mwanga wa buluu, nayo inang'aa kijani. Ikijishika kwenye kipokezi, tunauona ule mwanga umetulia ukingoni mwa seli. Ulifurahi mpaka ukaacha kula. "Kwa hiyo unaiona dawa yangu ikishika kazi," ulisema.

Nikanogewa na sifa. Nikaongeza kwamba tukizidisha dawa, vipokezi vinachoka, vinazama ndani ya seli na mwanga unazama navyo. Nikakuonyesha na picha kwenye simu. Halafu simu ikaita, nikatoka nje kuongea, na niliporudi tulizungumza habari za kakao. Sikumalizia. Sikukuambia kwamba zile ni seli za kwenye kisahani, tumeziloweka dawa kutwa nzima, wala si mtu anayevuta mara mbili pumzi inapombana. Sikukuambia kwamba ikikubana, vuta.

Na wewe ulikuwa mtu wa kuweka akiba. Mbegu nzuri ya mpunga huigusi mpaka msimu. Shati jipya mpaka Pasaka. Ukaviweka akiba na hivyo vipokezi vyako.

Niruhusu nikukasirikie na wewe, Baba. Ulinipigia simu kuniambia kuku ametotoa. Ulinipigia kuniuliza kama huko kuna mvua. Hili la kifua hukuuliza hata mara moja, eti usimsumbue msomi. Msomi gani? Huko chuoni ile picha ya mwanga unaozama wameibandika ukutani, waliipigia makofi, nami nikasimama pembeni yake nikacheka. Ningekuwa huko leo ningeichana.

Hasira yangu isingekuwa kubwa hivi kama jambo lingeishia kwako. Shangazi naye ana pumu. Pampu yake ameifunga kwenye nailoni kama yako, na asubuhi namsikia akivuta pumzi kwa shida, akiniambia anavipumzisha. Wenzake wa kwaya wenye pumu amewafundisha hivyo hivyo, na anawaambia ni maneno ya mtoto wetu mwenyewe, anayaona kwa macho. Siku tatu nimekaa naye jikoni namweleza upya. Nimechora, nimelia, nimepandisha sauti, jambo ambalo hukunilea kulifanya kwa mkubwa. Ananipapasa mgongoni. "Mwanangu, ni uchungu wa baba yako unaokubadilishia maneno."

Nilipokuwa na majivuno aliniamini. Sasa nasema kweli, anaona ni msiba unaongea.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Jumapili kanisani, wakati wa matangazo, nitaomba ruhusa nisimame mbele. Nitasema nilimwambia baba yangu nusu ya jambo kwa sababu nilipenda kusikilizwa, na kwamba aliifuata ile nusu. Nitasema hivyo mbele ya waliokubeba. Sitasema kwa lugha ya chuo. Nitawaonyesha pampu inavyotikiswa, inavyowekwa mdomoni, inavyovutwa, na nitarudia mpaka wachoke na mimi.

Najua Shangazi ataona nimelichafua jina lako na nimemwaibisha yeye mbele ya kwaya yake. Ataninunia. Pengine hatanipikia wala kunisindikiza nikiondoka. Pumzika, Baba. Aninunie mwaka mzima, aninunie miaka, ilimradi awe anapumua vizuri akininunia.

Mwanao,
Tusekile