Farasi Wanaozunguka

Mama Chiriku, mke wangu,

Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha umri. Bado napaka grisi bembea za bustani hii ya michezo, na kiingilio kimepanda tena. Kila mwaka nilikwambia tungoje kishuke, ndipo nimlete Chiriku wetu apande farasi wa mbao wanaozunguka. Bei haikushuka, na mtoto hakungoja kukua.

Jana baba mmoja alimleta binti yake kutoka mbali. Farasi wale ni wa wadogo tu, kwa hiyo mlinzi akamsimamisha binti kwenye ubao wenye mstari mwekundu wa kimo.

“Mzee, huyu twiga kashapita mstari.”

“Nimejinyima miaka yote hii!” Akanigeukia. “Fundi, gharama hii ina maana kweli?”

“Ilikuwa nayo, kaka. Mwaka jana.”

Kwenye picha uliyotuma, Chiriku anakufikia begani. Bega lako hunifika kifuani. Nikasimama kwenye ubao, na mstari ukaniishia kitovuni. Wetu naye kashapita.

Njooni likizo hii, bei iwe iwavyo. Tutakaa ukutani tuwatazame wenzake wadogo wakipanda. Ila kwanza muulize kama bado anawataka farasi. Akisema hawataki tena, wewe niandikie kwamba anawataka.

Mumeo,
Baba Chiriku