Supu Kabla ya Chupa

Jumatatu, 6 Februari

Nimeandika salamu za hotuba tu. Mheshimiwa Mwenyekiti Tak Gi-hong. Wazee wa chama cha wakaushaji. Akina mama wa jikoni. Vijana mliogeuza samaki kwenye theluji tangu Desemba. Hakuna atakayenung'unika kuwekwa nyuma. Baada ya hapo — ukurasa mweupe.

Mwenyekiti anataka niitangazie karamu ya chama kwamba maabara imethibitisha: supu ya hwangtae, samaki wetu anayekaushwa nje kwa kuganda usiku na kuyeyuka mchana, hutibu tumbo asubuhi baada ya ulevi. Bango limekwisha kuchapishwa. Linaning'inia juu ya mlango wa Mama yangu, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja amefungua duka lake la supu saa kumi na moja alfajiri.

Maabara yetu haikuthibitisha hivyo.

Jumanne, 7 Februari

Nimeyarudia matokeo. Peptidi — vile vipande vidogo vya protini tunavyovipata kwa samaki huyu — tuliwapa panya saa moja kabla ya pombe kali. Utando wa tumbo ulibaki laini, ute wake mzito, wekundu kidogo tu. Waliopewa baada ya pombe: michirizi ya damu, karibu sawa na wasiopewa kitu. Mara tatu tumejaribu, mara tatu vivyo hivyo!

Nilicheka peke yangu maabara. Bonde zima limekuwa likinywa supu sahihi kwa wakati usio wake. Kisha nikalikumbuka bango, na mahali lilipotundikwa.

Alhamisi, 9 Februari

Nimemweleza Mwenyekiti. Aliuliza kama panya hao walikunywa kistaarabu, kwa kumiminiana glasi kama sisi. Akanisihi niseme tu kwamba supu inasaidia, kisha nikae.

“Kabla, baada — mwanangu, samaki si ni yule yule?”

“Samaki ni yule yule, Mwenyekiti. Tumbo ndilo linakuwa limeshaungua.”

Bango lile, alisema, lina rangi nne, na limekwisha kulipiwa.

Jumapili, 12 Februari

Nilimkuta Mama akiponda samaki kwa rungu. Nikashika rungu la pili, nikamwambia yote. Kutetea shahada yangu kulikuwa rahisi kuliko hili. Ni duka lake ninalolisema, na alfajiri zake zote.

Aliendelea kuponda. Halafu akaniuliza huwa anaonja mchuzi wa supu tangu saa ngapi siku ya karamu. Tangu adhuhuri, nikasema. Na Bok-rye, mwenzake wa jikoni? Na Seok-ran? Vilevile. Na asubuhi yake, nani huwaandalia wanaume wanaoshika matumbo? Wao watatu, wakiwa wazima — ingawa nao wamekunywa glasi kwa glasi. Miaka yote wanaume wanadai akina mama humwaga zao kwenye chungu cha maua.

“Sisi ndio panya wako wa kwanza,” akasema, kifua kikitikisika kwa kicheko.

Nilimkumbusha kwamba wanawake watatu si ushahidi. Akaniambia nisimharibie Jumapili.

“Na duka, Mama?”

“Nitafungua jioni, kabla hawajaanza. Nitalala mpaka jua litoke. Sijalala hivyo tangu nikuzae.”

Niliogopa kumnyang'anya duka. Kumbe nilikuwa nimemletea usingizi wake.

Jumamosi, 18 Februari

Naandika pembeni mwa karatasi ya hotuba, bado nimesimama. Salamu zilipita salama. Nikaeleza. Nikasema panya si binadamu, na kwamba hakuna supu inayoruhusu chupa ya ziada — hapo ukumbi mzima uliguna. Mzee Ma akauliza kutoka nyuma kama maana yangu ni kwamba tumbo nalo livae koti kabla ya kutoka nje. Nikamjibu kwamba sikuwa na maneno bora kuliko yake.

Kisha nikatamka, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi wiki nzima:

“Kuanzia karamu hii, supu itatangulia. Naomba kila mwenye chupa aitoe nje, aisimike kwenye theluji, mpaka bakuli lake liwe tupu.”

Wakikataa, alfajiri ya kesho Mama anarudi jikoni, kama jana. Amesimama na upawa, hamwangalii mtu.

Wote wanamtazama Mwenyekiti. Ameinuka. Chupa iko mkono wa kushoto, haijafunguliwa. Hajaelekea mlangoni, wala hajakaa. Ila mkono wa kulia — naona vizuri kutoka hapa — tayari umeshika kijiko cha supu.